Gari lililochorwa mchangani



Huku kwetu gari lolote lenye mgongo wa juu na mipira mikubwa lina jina moja tu: jeep. Liwe la padri, la daktari, la mfanyabiashara au la shirika, mtoto akilisikia likipanda kilima anaita "jeep!" na kukimbilia kando ya barabara kulitazama. Juma hili tunawaletea hadithi ya jeep ambayo jina lake si jeep. Ni Land Rover ya Waingereza. Hadithi yenyewe inachekesha, na inafaa kusimuliwa jioni wakati mnachambua maharagi. Tuna sababu nyingine ya kuileta, nayo ni vile vigari vya mikebe vilivyojaa chini ya vitanda vya watoto wenu. Tutavifikia.

Kwanza tuanze na mashini ya kushona, kwa maana jeep hii ina undugu nayo.

Katika karne ya 19 kulikuwa na fundi mmoja mjini Coventry, Uingereza, aitwaye James Starley. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashini za kushona. Baadaye karakana yake ikaingia katika baiskeli, kwa sababu mikono inayojua kutengeneza vigurudumu vidogo vya mashini inaweza pia kutengeneza magurudumu makubwa. Mtoto wa ndugu yake, John Kemp Starley, alikuja kujifunza kazi hiyo, na mwaka 1885 akaleta baiskeli yake mwenyewe aliyoiita Rover, maana yake mtu wa kuzurura. Kabla ya hapo baiskeli za Wazungu zilikuwa jambo la ajabu: gurudumu la mbele kubwa kama mlango, la nyuma dogo kama sahani, na mwenye kuendesha amekaa juu kama ndege. Akianguka, alianguka kweli. Ile Rover ilikuwa na magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha la nyuma. Ndiyo baiskeli ile ile tunayoiona leo ikishuka na ndizi na mkaa. Wapolandi mpaka leo wakitaka kusema baiskeli wanasema "rower", kutokana na jina hilo.

Kwa hiyo mama unayeshona pale sokoni, mwenye jeep akipita na kukurushia vumbi kwenye vitambaa, unaweza kumwambia kwamba gari lake ni mjukuu wa mashini yako.

Kutoka baiskeli, kampuni ya Rover ikaingia katika pikipiki, halafu katika magari. Na magari yake hayakuwa ya matope hata kidogo. Yalikuwa magari ya watu wa heshima, daktari na mkubwa wa benki, yenye viti vya ngozi. Ndipo ikaja Vita Kuu ya Pili. Coventry ikapigwa mabomu, na vita vilipokwisha kampuni ikajikuta mahali pengine, Solihull, katika kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa kazi ya injini za ndege za vita. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, kazi haipo. Chuma kilikuwa kinagawanywa na serikali kwa kipimo, na aliyepewa kingi ni yule aliyeuza bidhaa nchi za nje ili nchi ipate pesa. Sasa nani huko nje, baada ya vita, alikuwa anatafuta gari la mkubwa wa benki?

Mkubwa wa mafundi wa Rover aliitwa Maurice Wilks. Kaka yake Spencer ndiye aliyeongoza kampuni. Maurice alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani humo alitumia jeep ya zamani ya jeshi la Marekani, aina ya Willys, iliyobaki baada ya vita. Ilivuta magogo, ilibeba mizigo, iliingia kwenye matope na kutoka. Lakini ilikuwa imechoka, na vipuri vyake vilikuwa shida kupata. Tunaoishi na magari yaliyochoka tunalijua jambo hilo: siku tatu garajini kwa siku moja barabarani. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimuuliza atafanya nini siku jeep ile itakapokufa kabisa. Maurice akajibu kwamba atanunua nyingine ya namna ile ile, kwa kuwa hakuna gari jingine la kazi hiyo.

Fikirieni, mama. Mkubwa wa mafundi wa kiwanda cha magari, na ndugu yake anayekiongoza kiwanda, wamekaa wakisema kwamba gari linalowafaa halipo.

Ilikuwa mwaka 1947. Walikuwa kando ya bahari, kwenye ufuo wa Red Wharf Bay, na Maurice akachora mchangani umbo la gari alilokuwa analifikiria. Hakuwa na karatasi wala rula. Maji yalipopanda yakafuta mchoro. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuingia kichwani.

Gari la kwanza la kujaribia walilijenga mwaka ule ule, juu ya mifupa ya jeep ya Wamarekani, na hapa ndipo mtacheka. Usukani, ile tunayoita volani, waliuweka katikati. Dereva alikaa katikati kama mwenye kuendesha trakta. Mawazo yao hayakuwa ya kijinga: kuna nchi zinazoendesha upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na usukani wa katikati ungewaokoa na kazi ya kutengeneza magari ya namna mbili. Sisi wa hapa tunaelewa vizuri, maana ukitoka Beni ukavuka Kasindi kuingia Uganda lazima ubadilishe upande wa barabara, na magari mengi yanayoingia kwetu kutoka huko yana usukani wa kuume. Lakini kukaa katikati kulikuwa na taabu zake, dereva hata hawezi kutoa mkono dirishani kuonyesha anakokata kona. Wazo likaachwa.

Sasa tazameni kile kigari cha waya ambacho mtoto wako anakisukuma mbele ya nyumba. Ule waya mrefu wa kuongozea, unaopanda mpaka mkononi mwake, unatokea wapi? Katikati. Hakuna mtoto wa Butembo aliyefundishwa mambo ya Wilks, na bado wamefikia pale pale.

Turudi Solihull. Chuma hakikutosha, kwa hiyo mwili wa gari wakaufanya kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, ambayo haikuwa na kipimo cha serikali. Mashini kubwa za kukunja mabati kwa maumbo mazuri zilikuwa ghali, basi wakalikata gari kwa mabapa yaliyonyooka ambayo fundi anaweza kuyakunja kwa mkono. Ndiyo maana Land Rover ina sura ya sanduku. Hakuna aliyekaa na kusema "tufanye sura ya sanduku, itapendeza". Na rangi? Zile za kwanza zote zilikuwa za kijani, na inasemwa sana kwamba ilikuwa rangi iliyobaki katika kazi ya ndege za vita. Mama wa hapa anayepaka dirisha rangi iliyobaki mlangoni hawezi kushangaa.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, Uholanzi. Bei yake ilikuwa pauni 450. Lakini soma vizuri kabla ya kulipa! Milango ulilipia mbali. Bashi la kufunika juu, mbali. Hata mto wa kiti cha abiria, mbali. Kwa maneno mengine, dereva alikaa vizuri na mkewe alikaa juu ya bati. Malalamiko hayo yanaonekana yalifika, kwa sababu baada ya miezi michache vitu hivyo viliingizwa katika bei.

Hata hivyo wakulima walilipenda, kwa kuwa injini yake iliweza kufungwa mkanda na kuzungusha mashini nyingine, kama msumeno au mashini ya kupura ngano. Ingekuwa huku ingesaga muhogo. Na kampuni yenyewe haikulitegemea lidumu. Kwao lilikuwa gari la kuziba pengo, la miaka michache, mpaka chuma kipatikane na warudie magari yao ya watu wa heshima. Gari hilo la kuziba pengo, ambalo baadaye liliitwa Defender, lilitengenezwa Solihull mpaka tarehe 29 Januari 2016. Yalitoka zaidi ya milioni mbili. Na kampuni ya Rover yenye magari ya viti vya ngozi? Ilikufa. Land Rover ndiyo iliyobaki, na tangu mwaka 2008 ni mali ya Wahindi wa Tata.

Kuna jambo moja la nembo. Nembo ya Land Rover ni ya kijani, yenye umbo la yai lililolazwa. Wapenzi wa gari hilo husimulia kwamba umbo hilo lilitokana na mkebe wa sardini: kwamba Wilks alikuwa anakula mchana kazini, akauweka mkebe juu ya karatasi zake, na mafuta yakaacha alama. Tunawapa kama inavyosimuliwa, haina kiapo. Lakini tuliposoma habari ya mkebe wa sardini hatukuweza kujizuia, tukafikiri habari za hapa nyumbani.

Kwa sababu hapa mkebe wa sardini ni gari kabisa. Mtoto anaukunjua, anautoboa, anapitisha kijiti, anakata magurudumu kwenye kandambili iliyochoka au anatafuta vifuniko vya Primus. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, jeep zilipojaa Butembo na Beni kuliko wakati wowote tunaokumbuka, watoto wakaanza kuweka waya mrefu wa antena juu ya mikebe yao. Walikuwa wameangalia vizuri. Na watoto wa familia zilizokimbia vijiji na kufika Beni mikono mitupu, hawamalizi siku nyingi kabla ya kuwa na kigari cha kuvuta kwa kamba.

Sisi tunaofundisha tunaviona vigari hivyo vikifika shuleni ndani ya mifuko ya daftari, na tunasikia vilevile vinakoishia. Mama anafagia, anakuta takataka chini ya kitanda, anatupa. Au baba anamkuta mtoto na waya saa ya kurudia masomo, na kigari kinapondwa kwa kiatu. Tunaelewa hasira hiyo. Mkebe wa sardini haulipi minerval, na mtoto aliyepata 4 kwa 10 katika hesabu ana kazi nyingine ya kufanya jioni. Hatusemi kila mwenye waya atakuwa fundi mkubwa. Wengi hawatakuwa.

Lakini tazameni kile anachofanya mtoto huyo. Gurudumu la kushoto likiwa kubwa kuliko la kulia, kigari kinakata kona peke yake, naye anarudi kupima. Hiyo ni hesabu, na hakuna aliyemwamuru. Programu ya shule inataka ajue kutaja sehemu za baiskeli kwa Kifaransa, na saa ya kazi za mikono ndiyo inayokatwa ya kwanza muda ukipungua. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la hasara, na hatuoni aibu kuliandika katika gazeti hili.

Wala tusiende mpaka Wales kutafuta mfano. Chukudu je? Ilianza kuonekana hapa Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati maisha yalipokuwa magumu na magari ya kubebea mizigo hayatoshi. Mbao ngumu, vipande vya mpira wa gari kuzungushia magurudumu, na goti moja la mwenye kuisukuma. Inabeba mamia ya kilo za viazi na mkaa kutoka milimani, mahali ambapo gari la dola elfu nyingi limekwama na dereva amelala chini ya mti. Nayo ilitoka katika upungufu na mabaki, sawasawa na ile jeep ya alumini. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu mjini. Kuna watu ambao waliona mbao na mipira mibovu wasiitupe.

Mtatuuliza: mbona Land Rover tunaziona chache huku, na Toyota ni nyingi? Jibu lake nalo linachekesha. Mwaka 1951 Wajapani wa Toyota walitengeneza jeep yao, na ili kuonyesha nguvu zake wakaipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha 6, mahali ambapo gari halikuwa limefika. Waliiita Toyota Jeep. Wamarekani wenye jina la Jeep wakakataa. Basi mkubwa mmoja wa Toyota, Hanji Umehara, akatafuta jina lisilokuwa na heshima pungufu kuliko lile la Waingereza wa Land Rover, na mwaka 1954 akaliita Land Cruiser. Kwa hiyo hata ile Land Cruiser ya hospitali inayompeleka mama mwenye uchungu kwenye barabara ya Butembo na Beni, kilometa 54 tu lakini wakati wa mvua ni safari nyingine kabisa, ina jina lililozaliwa kwa kuikodolea macho Land Rover.

Majirani zetu wa Tanzania wao hawajaiacha. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, yakaja mamia ya magari, mapya na makongwe, yakitaka kuvunja rekodi iliyokuwa ya Wajerumani ya msafara mrefu.

Na Waingereza wenyewe hawakukubali kuizika. Solihull walipofunga kazi ya Defender, tajiri mmoja, Jim Ratcliffe, aliomba auziwe vyombo vya kuendelea kuitengeneza. Wakamkatalia. Akakaa na wenzake katika baa moja ya London iitwayo The Grenadier, na hapo wakaamua watengeneze gari lao la sura ile ile ya sanduku. Wakaliita jina la baa. Kiwanda walichonunua ni kile cha Hambach, Ufaransa, ambacho kilikuwa kikitengeneza Smart, vigari vidogo sana vya watu wawili. Mume akichelewa kurudi akasema alikuwa kwenye kazi ya maendeleo, mama, mwombe akuonyeshe gari.

Hii ya mwisho ni ya wasichana wenu. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuwa binti, mwaka 1945, aliingia jeshini katika kikosi cha wanawake akafundishwa kuendesha malori na kutengeneza injini. Mwaka 1998 alimpokea Abdullah, mrithi wa ufalme wa Saudi Arabia, katika makao yake ya Balmoral, akamwalika kutembezwa shambani kwa Land Rover. Abdullah akapanda mbele, mkalimani wake nyuma. Akamwona malkia mwenyewe anakaa kwenye usukani. Kwao wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari, ruhusa ilikuja mwezi wa 6 mwaka 2018. Balozi Sherard Cowper-Coles ndiye aliyeisimulia habari hii: malkia alikwenda mbio kwenye vile vinjia vyembamba huku akipiga maongezi, mpaka mgeni, kwa mdomo wa mkalimani, akamsihi apunguze mwendo na atazame barabara. Malkia alikuwa na miaka 72.

Tunaisimulia kwa sababu vigari tunavyoviona shuleni karibu vyote ni vya wavulana. Msichana akishika waya anaambiwa akachote maji. Aende akachote, na kaka yake aende vilevile, halafu wote warudi kwenye waya.

Tukija kwenye matendo: mkebe wa sardini una makali, na kidonda cha bati si cha kuchezea, kiosheni kwa maji na sabuni, na kikiwa kirefu mpelekeni mtoto kituo cha afya wamtazame kwa ajili ya pepopunda. Kabla ya kumpa, osha mkebe, ukunje ukingo kwa ndani na uugonge kwa jiwe mpaka ulale. Kutoboa ni kwa msumari na jiwe, mkebe ukiwa juu ya kipande cha mti, mtu mzima akiwa karibu. Kisu cha jikoni kibaki jikoni. Waya wa miamvuli iliyovunjika unafaa kuliko wa umeme.

Na kwa mkutano wetu ujao, kila mama mwenye kigari nyumbani akilete pamoja na mwenye kukitengeneza. Tutaviweka mezani, vya wavulana na vya wasichana, na watoto wenyewe watatueleza vinavyofanya kazi. Vyenye usukani katikati tutavipanga mbele.